Saa Moja Juu ya Kitanda cha Mwenzako: Maigizo ya Umaskini Yanawafundisha Nini Vijana?

Filimbi inalia, wiki ya kwanza imeanza. Ukumbini wameketi watu wapatao themanini, vikundi vikundi, na kila kikundi ni familia. Kandokando ya kuta zimepangwa meza: mwajiri, mwenye nyumba, benki, shule, ofisi ya ustawi wa jamii, duka la rehani, mkopeshaji wa haraka. Wiki nzima ni dakika 15. Msichana wa miaka kumi na saba amepewa kadi inayosema yeye ni mama wa watoto wawili, mume hayupo. Mkononi ana bahasha yenye fedha za karatasi na tiketi chache za usafiri, maana bila tiketi haruhusiwi kuikaribia meza yoyote. Anakimbilia kazini, anaambiwa amechelewa. Anapanga foleni benki, filimbi inalia kabla zamu yake haijafika. Kodi haijalipwa. Wiki ya tatu anaporudi kwa wanawe anakuta viti vyao vimepinduliwa, miguu juu. Wamefukuzwa nyumbani.

Zoezi hilo lilizaliwa katika jimbo la Missouri, Marekani, na linahusu umaskini wa humo humo Marekani. Wanafunzi wa uuguzi, ualimu na ustawi wa jamii wamelipitia kwa maelfu. Ni moja kati ya maigizo mengi ambayo walimu, makanisa na mashirika wameyabuni kwa zaidi ya nusu karne ili kijana anayekula na kushiba apate kuuelewa umaskini kwa mwili wake, si kwa kitabu tu. Msingi wake unaeleweka kwa yeyote anayezungumza Kiswahili: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi lala kidogo, uwajue.

Swali ni kama saa moja inatosha kuwajua kunguni, au inatosha tu kumfanya mtu aamini kwamba anawajua. Kwa maoni yangu igizo ni chombo kizuri sana cha kumwonyesha kijana jinsi mtego wa umaskini ulivyosukwa, na ni chombo kibovu cha kumwonyesha maisha ya mtu aliyemo ndani ya mtego huo. Hayo ni mambo mawili. Kwa kuwa hayatenganishwi, mazoezi yenye nia njema huishia kufundisha kinyume cha yaliyokusudiwa.

Tuanze na umaskini wenyewe, kwa sababu mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Tangu Juni 2025, Benki ya Dunia huhesabu kuwa mtu yuko katika ufukara uliokithiri kama matumizi yake ya siku hayafiki dola 3. Kabla ya hapo mstari ulikuwa dola 2.15, na kabla yake dola 1.90. Kwa mstari wa sasa, watu kama milioni 800 wako chini yake. Kijana akisikia hivyo, jambo la kwanza analowaza ni kwamba dola 3 katika nchi maskini hununua vitu vingi, kwa hiyo huenda hali si mbaya kiasi hicho. Amekosea, wala si kosa lake, kwani ni wachache wanaomweleza. Tofauti ya bei imekwisha kuingizwa kwenye hesabu. Dola hizo 3 ni kile ambacho dola 3 zingenunua Marekani mwaka 2021. Mtu aliye kwenye mstari huo katika nchi ambako vitu ni rahisi hushika mkononi pungufu ya dola 3 akienda kubadilisha. Tena kiasi hicho si cha chakula peke yake. Humo mna pango, nguo, dawa, mafuta ya taa, nauli, daftari la mtoto, na hata thamani ya mazao aliyolima akala mwenyewe.

Hapa ndipo lilipoteleza zoezi moja lililopata umaarufu mkubwa katika miaka ya 2010, lililowataka vijana wa Uingereza, Australia na Marekani wale na kunywa kwa kiasi kinacholingana na dola 1.50 kwa siku, kwa siku tano. Nia ilikuwa njema, na fedha nyingi zilichangwa. Lakini mshiriki alipewa kiasi chote kwa ajili ya chakula, akabaki na nyumba yake, maji ya bomba na bima yake ya afya. Isitoshe, kiasi chenyewe alikuwa na hakika nacho: leo 1.50, kesho 1.50. Watafiti waliofuatilia daftari za fedha za kaya zaidi ya 250 huko Bangladesh, India na Afrika Kusini waligundua kwamba kinachowaumiza maskini si udogo wa kipato tu, ni kutotabirika kwake. Wastani wa dola mbili kwa siku unaweza kuwa siku nne za sifuri na siku moja ya kumi. Kaya hizo zilikuwa zikikopa, zikiweka akiba, zikitunziana fedha na kucheza michezo ya kupeana, na hakuna hata moja iliyotumia njia chini ya nne za kusukuma fedha kutoka siku hii kwenda siku ile. Laiti zoezi lingempa kijana sifuri kwa siku mbili, kisha dola tatu, kisha sifuri tena bila kumwambia ni lini fedha nyingine itakuja, lingekuwa limekaribia jambo lenyewe. Angejua kwa nini mtu hukubali kukopa kwa riba ya kukamua.

Maigizo yenyewe ni ya namna mbalimbali, na kila namna hufundisha somo lake. Tangu mwaka 1974 shirika la Oxfam tawi la Marekani limekuwa likiandaa karamu ambayo mgeni huokota kura mlangoni. Wachache huketi mezani wakahudumiwa mlo kamili, kundi la kati hupata chakula cha kawaida, na kundi kubwa kuliko yote huketi sakafuni kwa wali na maji. Hilo ni somo la mgawanyo na bahati: hukuchagua kura yako kama ambavyo hukuchagua tumbo lililokuzaa. Huko Perryville, Arkansas, shirika la Heifer International liliwalaza wanafunzi katika nyumba zilizojengwa kwa mfano wa Guatemala, Zambia, Thailand na kwingineko, kila kijiji kikipewa kitu kimoja na kukosa kingine, mpaka wabadilishane ndipo wapike chakula cha jioni. Somo la hapo ni kutegemeana na jasho: kuwasha moto ukiwa na njaa ni kazi.

Igizo ninalolipenda kuliko mengine halimtaji maskini hata mara moja. Lilibuniwa na Mmarekani R. Garry Shirts mwaka 1969. Wachezaji hupewa vidonge vya rangi wabadilishane ili wapate alama, na kadiri wanavyopata ndivyo wanavyopangwa katika matabaka matatu. Wasichojua ni kwamba vidonge vya mwanzo havikugawiwa sawa, na kila mzunguko walio juu hupewa tena vilivyo bora. Baada ya mizunguko kadhaa mwezeshaji hutangaza kwamba tabaka la juu, kwa kuwa limefanya vizuri, sasa litunge kanuni za mchezo. Mara nyingi hutunga kanuni za kujilinda. Hufanya hivyo kwa dhamiri safi, maana wanaamini wamepata kwa akili zao. Walio chini hukata tamaa, au hugoma, au huanza kuiba vidonge. Hakuna aliyelala na njaa wala kuvaa matambara, lakini ukumbi mzima umeona jinsi mali inavyogeuka mamlaka, na mamlaka yanavyogeuka mali tena.

Nguvu ya igizo hilo iko katika kanuni zake, halina mandhari yoyote. Mandhari ndiyo humpumbaza mtazamaji. Mwaka 2013 hoteli moja karibu na Bloemfontein, Afrika Kusini, ilishutumiwa duniani kote kwa kukodisha vibanda vya mabati vilivyojengwa kufanana na mitaa ya mabanda, vikiwa na sakafu yenye joto na intaneti. Kulikuwa na bati, moshi na taa ya chemli. Hapakuwa na jambo hata moja linalomfanya mtu akae kwenye kibanda, yaani kukosa pa kwenda. Mwalimu anayetumia jioni nzima kutandika majamvi na kuchafua sufuria kwa masizi afikirie kwanza kanuni zake: nani anaamua, nani anangoja, nani anakosea bila adhabu na nani kosa moja linammaliza.

Je, maigizo hubadilisha mioyo? Washiriki hutoka wakisema yamewagusa, na sina sababu ya kutowaamini. Kuguswa, hata hivyo, si kuelewa. Mwaka 2011 kampuni ya matangazo ya McKinney ilitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Spent kwa ajili ya shirika la Urban Ministries of Durham huko North Carolina. Mchezaji ana dola 1,000 na mwezi mzima mbele yake: kazi gani achukue, akae mbali na kazini alipe nauli au karibu alipe pango kubwa, amtibu mbwa au amwache. Wanasaikolojia Gina Roussos na John Dovidio waliuchunguza, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016. Kwa ujumla mchezo haukuongeza wema wa wachezaji kwa maskini. Kwa baadhi yao uliupunguza. Sababu inafundisha mno: ndani ya mchezo unachagua, na ukichagua vizuri unafika mwisho wa mwezi. Kijana anatoka akiwaza, "Mimi nimeweza. Wao wanashindwaje?" Waliotazama tu mchezo ukichezwa na mwingine, bila wao kubonyeza chochote, walitoka na mtazamo mwema zaidi.

Jambo hilo halimaanishi kwamba michezo itupwe. Linamaanisha kwamba mchezo unaomkabidhi mchezaji usukani unamfundisha kuwa umaskini una usukani. Katika maisha chaguo nyingi zimekwisha kufanywa na wengine kabla mtu hajaamka: bei ya mbolea, barabara ipite wapi, shule ya wasichana ijengwe au isijengwe, deni la taifa lilipwe vipi. Igizo lisiloweka mezani hata mmoja wa waamuzi hao linamtazamisha kijana kwa maskini peke yake, kana kwamba tatizo limo ndani ya bahasha yake.

Kuna onyo la pili, nalo linatoka kwenye uwanja wa ulemavu, ambako mazoezi ya namna hii ni ya zamani. Mtafiti Arielle Silverman, ambaye mwenyewe haoni, alishirikiana na wenzake kuwachunguza watu waliofungwa kitambaa machoni ili wahisi hali ya kutoona. Baada ya hapo watu hao waliwaona wasioona kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi na kujitegemea kuliko watu ambao hawakufungwa walivyowaona. Ndivyo inavyotarajiwa. Aliyefungwa kitambaa anaonja siku ya kwanza ya upofu, siku ya kujigonga na kuogopa. Haonji mwaka wa kumi, ambapo mtu anajua njia, anajua sauti, anajua kazi yake.

Umaskini nao una siku ya kwanza na mwaka wa kumi. Msichana wa miaka kumi na saba ukumbini anahangaika kwa sababu ni mgeni. Mama halisi aliyemo katika hali ile si mgeni. Anajua ofisi ipi hufunguliwa mapema, jirani yupi atamshikia mtoto, mkopeshaji yupi husubiri, na deni lipi laweza kusogezwa bila kuvunja heshima. Ujuzi huo haumo kwenye kadi. Igizo likiisha bila kuutaja, kijana anabaki na picha ya watu waliochanganyikiwa wanaohitaji kuokolewa, wakati ukweli ni kwamba wanafanya hesabu ngumu kuliko anazofanya yeye, kwa kipato kisichosamehe kosa.

Kinachoigwa vizuri na zile dakika 15 ni msongo wa akili. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao hulipwa wakati wa mavuno na kwa hiyo huwa na hali nzuri baada yake na dhiki kabla yake. Wakulima wale wale walipopewa majaribio ya kufikiri, walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno kuliko baada ya mavuno. Elimu yao haikubadilika katikati ya miezi hiyo. Kilichobadilika ni mzigo wa kuwaza fedha. Mwanafunzi aliyesahau kumchukua mwanawe wa karatasi shuleni kwa sababu alikuwa anakimbizana na mwenye nyumba ameonja mzigo huo kwa udogo wake, na mwalimu asimwache aondoke bila kumwambia jina la alichokionja. Kabla ya filimbi huenda alidhani wazazi wa namna hiyo ni wazembe. Saa hiyo moja ikimwondolea neno "mzembe" kinywani, imefanya kazi kubwa.

Kisichoigika kabisa ni aibu, kwa kuwa ukumbini wote wanajua ni mchezo, na kutokuwa na mlango wa kutokea, kwa kuwa saa kumi basi litakuja. Shirika la ATD Fourth World lilianzishwa mwaka 1957 na padri Joseph Wresinski katika kambi ya wasio na makazi huko Noisy-le-Grand, karibu na Paris. Mwaka 2019, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, na wanaoishi katika umaskini walikaa kama watafiti wenza. Walitaja sura tisa za umaskini. Baadhi tunazitarajia: ukosefu wa kazi yenye staha, kipato duni kisicho na uhakika, kunyimwa mahitaji. Nyingine hazipatikani kwenye mstari wa dola 3: kutendewa vibaya na watu, kutendewa vibaya na taasisi, mateso ya mwili, akili na moyo, kunyang'anywa uwezo wa kuamua. Ikatajwa na mchango usiotambuliwa, yaani kazi na maarifa ya maskini ambayo jamii huvitumia bila kuvihesabu. Na yakatajwa mapambano: watu hao hawakujieleza kama walioketi kusubiri.

Ningekuwa na nafasi ya kumshauri kila mwalimu anayepanga igizo, ningemwambia aanze na orodha hiyo badala ya bajeti ya kadi na filimbi. Kutendewa vibaya na taasisi kunaweza kuigwa, tena kwa urahisi: mpe kijana nafasi ya kuwa karani. Mkalishe nyuma ya meza na kanuni tano zinazopingana, foleni ndefu, na amri ya kutomhudumia asiye na karatasi fulani. Katika nusu saa ataanza kufoka. Kijana mwema, mwenye huruma, atasikia sauti yake ikimfokea rafiki yake mwenye mtoto wa karatasi. Hilo hufundisha kuliko kuketi sakafuni, kwa sababu huenda kweli siku moja akakaa nyuma ya meza kama ile, ilhali uwezekano wa kukaa sakafuni kwake ni mdogo.

Kisha yaje mazungumzo. Watu wenye uzoefu wa maigizo wanajua kwamba somo hufanyika baada ya filimbi ya mwisho, na bado ndicho kipengele kinachokatwa muda ukibana. Zoezi la saa moja linahitaji angalau saa nyingine ya kukaa duara, na maswali yake yawe ya mpangilio. Kwanza, ulifanya nini, si ulijisikiaje. Pili, ulijisikiaje. Tatu, kanuni ipi ilikufanya ufanye hivyo, na nani aliitunga. Nne, kanuni hiyo inaitwaje nje ya ukumbi huu. Ukiruka moja kwa moja kwenye hisia, machozi yatatoka na mjadala utakwama kwenye huruma. Ukianza na matendo, utafika kwenye kanuni, na kutoka hapo kwenye biashara, kodi, ardhi na madeni, mambo ambayo kijana wa miaka kumi na tano anayaelewa kabisa akielezwa taratibu.

Mwalimu pia akumbuke nani yumo chumbani. Karibu kila darasa lina mtoto ambaye kwake hili si igizo. Yeye amekwisha kuona viti vikipinduliwa. Wenzake wanacheka kwa msisimko wa mchezo huku yeye anatazama chini, na mwezeshaji akimwita aeleze "anavyojua" amemvua nguo mbele za watu. Mazoezi yaliyotungwa kwa uangalifu huwaambia wote mapema kitakachofanyika, humwachia kila mtu nafasi ya kuwa mtazamaji au msaidizi bila kuulizwa sababu, wala hayamlazimishi mtu kusimulia ya nyumbani kwao.

Mtoto huyo, au mama yake kama atapenda, anaweza kuwa na kazi nyingine kabisa. Katika zoezi la Missouri, baadhi ya wanaoketi kwenye meza huwa ni watu waliowahi kuishi hali hiyo, na baada ya igizo huzungumza. Mahali pengine huitwa mapema zaidi, kanuni zikiwa bado rasimu, wakapewa kalamu. Mtu wa namna hiyo akiisoma kadi inayosema "umekosa nauli, baki nyumbani" anaweza kuifuta na kuandika: tembea, utafika umechelewa, utakatwa nusu siku, jioni utarudi kwa miguu tena.